Mifupa Sitini na Mitatu

Haya aliniambia Stella Kiden, mpelelezi wa polisi wa Arua, mwaka jana mwezi wa nane, tukibangua karanga za mbegu kwangu Ayivu. Alipita kusalimu tu, akakaa mpaka kikapu kikaisha. Nayapanga kama alivyoyapanga yeye, maana mtu wa kazi ile anajua lipi litangulie na lipi lifuate.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Stella aliingia stoo ya makumbusho madogo ya mjini, mikono ameifunga nyuma asije akagusa kitu, akasimama mbele ya sanduku lililokuwa wazi. Sanduku la kumi na saba. Ndani mlikuwa na mifuko ya nailoni sitini na mitatu, kila mfuko na mfupa wake, kila mfupa na kadi yake ya namba. Hakuna kilichopungua. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi, kwa sababu alikuwa ameitwa kwa ajili ya wizi.

Stoo nzima ilikuwa ya mifupa ya wanyama: ng'ombe, mbuzi, swala. Ilifukuliwa miaka sita nyuma kwenye kilima kimoja cha Koboko, makombo ya watu wa kale ambao hata nyimbo haziwataji. Ilipangwa kwenye rafu za chuma, mbali na jua, mbali na maji, na chumba kizima kilinuka dawa ya nondo. Mtafiti mmoja, jina lake Daisy, alikuwa ametoka Kampala kuja kuchukua sanduku la kumi na saba likapimwe umri. Jumanne jioni alilifungua, akainamisha pua, akalifunga tena. Mifupa ya kale haina harufu. Ile ilinuka supu.

"Mtu amekula nyama akatuwekea makombo yake," Daisy alimwambia Stella.

Stella hakuhitaji kunusa. Mstari wa sisimizi ulikuwa ukipanda mguu wa rafu. Walipita sanduku la kumi na tano, wakapita la kumi na sita bila hata kuchungulia, wakaingia la kumi na saba kama watu walioalikwa.

Mkuu wa makumbusho, bwana Lawrence, alikuwa na jibu lake tayari. Ufunguo ni mmoja, anao Margarita mtunza stoo. Kwa hiyo mwizi ni Margarita. Alikuwa ameshampeleka polisi tangu jana ile ile. Na mjini maneno yalikuwa yameanza kutembea, kwamba mifupa imevushwa mpaka, kuna watu ng'ambo wanaisaga dawa. Mkubwa wa Stella hakutaka maneno yazidi kutembea. Alisema Ijumaa saa sita mchana faili litakuwa mbele ya hakimu, na mwenye ufunguo atakuwa ndani ya faili hilo, isipokuwa Stella amletee mtu mwingine.

Mlangoni alisimama mlinzi, Mzee Tongun wa Koboko, mwanajeshi wa zamani, visigino pamoja ingawa hakuna aliyemwamuru. Macho yake yalikuwa mekundu. Stella alimwuliza kama aliona mtu akitoka na mzigo.

"Hapana, afande. Mimi nalinda inje. Ndani iko kazi ya Mama Margarita."

Radi ikanguruma mbali, upande wa Kongo. Kila mtu alitazama mawingu kupitia mlangoni. Mzee Tongun alitazama dari. Stella aliliona hilo, akaliweka akilini.

Margarita alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu. Walimleta kwenye chumba cha mahojiano hana viatu, na swali lake la kwanza halikuhusu nafsi yake. Aliuliza nani amefunga stoo, maana ikiachwa wazi panya hawana adabu. Stella akamwuliza habari za ufunguo. Akajibu ni mmoja, anao yeye, na alipolijibu hilo alitazama mikono yake. Akaulizwa lini alilifungua sanduku lile mara ya mwisho. Alisema mwezi uliopita. Halafu, wiki mbili nyuma, alilala nyumbani siku nne na malaria, akarudi akakuta lebo zote zimetulia mahali pake, hakuona sababu ya kulifungua.

Stella akamwuliza mtu wa kawaida angejuaje mfupa wa kale na mfupa wa juzi, kama pua yake imeziba.

"Unaweka ulimi," Margarita akasema.

Stella alidhani anachezewa.

"Usicheke, afande. Mufupa mpya inateleza. Ya zamani inashika ulimi, kama ule udongo mama wa mimba anatafuna. Ulimi haijui kudanganya."

Kutoka pale Stella alikwenda sokoni kwa Wahabu, muuza nyama, kwa sababu mwenye kutafuta mifupa mipya aanzie penye shoka. Wahabu alikuwa mtu wa maneno mengi. Alisema mifupa anauzia yeyote: mama wa supu iko, mwenye mbwa iko, hata polisi wakitoa pesa iko. Alipoulizwa kama kuna mtu wa makumbusho, akapangusa kisu na kusema, bila ubaya wowote, kwamba mwezi wa kwanza mama mmoja wa huko alibeba gunia zima. Mfupi, mwenye mwanya.  Mwanya ule Stella alikuwa ameuona saa moja tu iliyopita, kinywani mwa Margarita.

Alirudi kituoni akamwuliza Margarita tena. Margarita alikubali mara moja, akashangaa kwamba hilo nalo ni kosa. Wanaosoma mifupa ya kale, alisema, huhitaji mifupa mipya ya kulinganishia. Utajuaje huu ni mguu wa swala usipouweka kando ya mguu wa swala? Gunia la Wahabu alilichemsha mwenyewe kwa sabuni, akaliweka kabatini. Orodha imebandikwa mlangoni mwa kabati. Stella aende akahesabu.

Alhamisi Stella akaenda akahesabu. Kabati lilikuwa kamili, pamoja na jina la kila mnyama. Na kulikuwa na jambo jingine. Mifupa ya Wahabu ilikuwa na alama za shoka, mipana na iliyonyooka. Ile ya sanduku la kumi na saba haikuwa na shoka hata moja. Ilikatwa viungoni kwa kisu na kupasuliwa kwa jiwe ili watu wanyonye uboho. Haikutoka buchani. Ilitoka nyumbani kwa watu waliokaa wakala kwa raha.

Basi njia ya Wahabu ikafa, na Margarita bado alikuwa ndani, na ilishapita saa nane.

Stella aliomba meza. Akaimwaga mifupa yote sitini na mitatu juu ya gazeti, akaipanga kwa wanyama. Ng'ombe mmoja. Taya za kushoto za mbuzi, tano. Kwa hiyo mbuzi si chini ya watano. Akajiuliza ni nani apikaye ng'ombe mzima na mbuzi watano kwa siku moja. Mwenye harusi. Au mwenye arobaini ya marehemu.

Halafu akaanza kuzisoma kadi. Kadi ikisema ubavu, mfukoni mlikuwa na ubavu. Ikisema jino, mlikuwa na jino. Ikisema goti la mbuzi, goti la mbuzi lilikuwamo, la ukubwa ule ule. Hapo ndipo alipoinua kichwa. Mwizi huchukua akakimbia. Mwizi mjanja hujaza mawe ili sanduku liwe zito. Lakini ni mwizi gani huyu aliyelipa jino kwa jino, mpaka hesabu ikatimia?

Baba yake Stella alikuwa mwanajeshi, na Stella alikulia kambini. Aliwajua watu wa namna hiyo. Kabla ya siku ya ukaguzi, askari aliyepoteza bakuli haendi kuungama kwamba amepoteza. Anazunguka kambi nzima mpaka apate bakuli jingine, aliweke kitandani, asimame wima. Mkaguzi haulizi bakuli lilikotoka. Anahesabu. Baba yake alikuwa akisema dhambi si kupoteza, dhambi ni kupungukiwa.

Akaligeuza sanduku. Katoni ilikuwa mpya, bado inang'aa. Lebo iliyobandikwa juu yake ilikuwa ya zamani, na ilikuwa na duara la maji. Akalivuta sanduku la kumi na sita: ubavu wake ulikuwa umevimba na kukauka kwa mawimbi. Akatazama dari. Kulikuwa na doa la hudhurungi, na juu yake bati lililopigwa msumari mmoja mpya. Mwisho akakumbuka Margarita alivyotazama mikono yake alipoulizwa ufunguo, akatoka nje, akafungua kopo la dawa ya nondo lililokuwa dirishani, akachomeka vidole. Ufunguo wa pili ulikuwa mle.

Alipompelekea Margarita ule ufunguo, mama wa watu alifunika uso kwa kanga. Ni kosa kuuacha pale, alijua. Lakini alipokuwa na malaria, nani angefungua moto ukiwaka? Mtu mmoja tu ndiye aliyeambiwa. Na huyo mtu hawezi kuiba, alisema, kwa sababu ndiye anayemwambia yeye kila jioni, Mama, umesahau taa.

Stella alirudi makumbusho karibu kukimbia. Mlangoni palikuwa na kiti kitupu. Bwana Lawrence alisema Mzee Tongun ameomba ruhusa asubuhi ile, kuna shida nyumbani Koboko. Ndiyo, alisema, na wiki mbili nyuma alikwenda pia, siku mbili, arobaini ya kaka yake. Kuhusu bati, alikumbuka kwamba alimwambia mzee alipigilie kabla ya mvua. Hakukumbuka kama aliuliza limepigiliwa.

Ijumaa waliondoka kunapambazuka, Stella na dereva Moris. Moris alikuwa mtu wa kupiga hadithi, lakini siku ile aliona uso wa afande akanyamaza mpaka Maracha. Mawingu yalikuwa chini. Stella alihesabu saa kwa vidole: saa mbili kufika, saa tatu kuondoka, saa tano Arua. Hapakuwa na nafasi ya tairi kupasuka.

Koboko, walipouliza nyumba ya marehemu, hawakuhitaji kuelekezwa mara mbili. Watu walikuwa wamesimama uani kwa duara. Katikati, kwenye kizingiti cha nyumba ndogo iliyofungwa, alikaa Mzee Tongun, mgongo ukiziba mlango. Mbele yake alisimama Aziz, mtoto wa marehemu, mtu mzima mwenye ndevu, ameshika dumu la mafuta ya taa.

Mjane wa marehemu, Zam, alikuwa bado kwenye eda, kwa hiyo alizungumza na Stella akiwa mlangoni kwake, bila kutoka. Alisema baada ya arobaini shemeji yake alirudi usiku mmoja na gunia, akaifunga nyumba ya marehemu, akasema mtu asiingie. Jana Aziz alichungulia penye ufa. Kitandani kwa baba yake, pale alipokatia roho, kumejaa mifupa.

"Binti yangu, sisi tunaogopa," Zam akasema. "Mutu gani nalaza mifupa kwa kitanda ya maiti? Aziz anasema lazima tuchome leo."

Stella aliukata ule mduara. Hakupaza sauti. Alimwambia Aziz aweke dumu chini, na kama anataka kuchoma kitu, kwanza aingie naye akakione. Aziz akasema yeye si mjinga wa kuingia kwenye uchawi. Stella akasema basi asiye mjinga akae na Moris. Watu wawili watatu walicheka, na kicheko kile kilishusha dumu kuliko amri.

Mzee Tongun akasimama, akafungua.

Ndani kulikuwa na giza la magunia yaliyoning'inizwa madirishani, jua lisiingie, upepo upite. Mkeka ulitandikwa juu ya kitanda. Mifupa ilikuwa juu ya mkeka, safu baada ya safu, kumi kumi, kila mmoja umepewa nafasi yake, na kando ya kila mmoja namba ya mkaa. Gwaride. Stella aliinama akachukua wa kwanza, akasita, akauweka ulimini. Ulimi ukanaswa. Ilibidi auvute.

"Ni msumari moja tu, afande," Mzee Tongun alisema nyuma yake. "Boss alisema piga. Mimi nilisema nikirudi arobaini, nitapiga. Mvua haikungoja. Nilirudi nikakuta maji imejaa kwa sanduku, mifupa iko laini kama biskuti ndani ya chai. Mama Margarita alinifundisha: jua inapasua, kivuli inaponya. Kule stoo mutu angeona. Nikaleta hapa, kwa sababu hii nyumba hakuna mutu naingia."

"Na ile ya arobaini ukaipeleka badala yake."

"Hesabu lazima iko sawa, afande. Nilisema zikikauka, nitarudisha moja moja, na hakuna mutu ataumia."

"Mama Margarita yuko ndani siku ya nne."

  Mzee alisema alijua, ndiyo sababu jana alikuja kuchukua, na angekuwa amerudi jana ile ile. Akanyoosha kidole kwenye safu ya sita. Mahali pa nane palikuwa patupu. Hamsini na nane.

Alikuwa ametafuta mchana kutwa na usiku kucha, chini ya kitanda, kwenye majivu, kwenye shimo la panya. Hakuweza kurudi Arua na sitini na miwili. Stella akaona chini ya mlango, penye ufa unaopitisha panya na mfupa mdogo, vinyesi vya mbuzi. Akamwuliza Zam, aliyekuwa bado mlangoni kwake. Zam akasema kuna mbuzi mweusi siku moja alitafuna kitu kigumu pale mlangoni, yeye akadhani mahindi. Mbuzi wa hapa, alisema, wakikosa chumvi wanatafuna hata mfupa wa babu yao.

Saa tatu ilikuwa imefika. Moris alileta katoni mpya, na Stella akaanza kupakia, akifunga kila mfupa kwa gazeti na namba yake. Alipogeuka, Mzee Tongun hakuwamo. Alimwona kupitia mlangoni: alikuwa kwenye lundo la taka la arobaini, amepiga magoti, anachagua. Alipata kipande cha goti la mbuzi. Akakisugua kwa mchanga, akakisugua kwa majivu, akakiinua kwenye mwanga. Kilifanana na ule uliopotea. Alirudi nacho kiganjani, akasimama kando ya safu ya sita, mkono wake unashuka.

Stella angeweza kuukamata ule mkono. Hakuukamata.

"Mzee," akasema, "weka ulimi."

 Mzee Tongun akakiweka ulimini, pale pale, kama mtoto anayenyweshwa dawa. Akakitoa. Akakirudisha mara ya pili, labda ulimi umekosea. Halafu akakaa juu ya ukingo wa kitanda cha kaka yake, kile kipande kikaanguka kati ya miguu yake.

"Inateleza," alisema.

Nje Aziz alikuwa anamweleza Moris kwamba yeye tangu mwanzo hakuamini habari za uchawi.

"Andika, afande," Mzee Tongun akasema. "Andika sitini na mbili. Moja ilipotea, na mimi ndiyo nilipoteza."

Arua walifika saa tano na nusu, mzee amekaa nyuma, sanduku mapajani, mikono yote miwili juu ya kifuniko. Daisy alikuwa akingoja kituoni pamoja na bwana Lawrence. Alifungua, hakunusa, alitoa ulimi mbele ya mkubwa wa polisi mzima, akajaribu mitatu, na mkubwa akageuka kutazama kalenda. Daisy aliposikia habari ya hamsini na nane, alisema pengo moja lililoandikwa halimdhuru mtu. Lakini mfupa mmoja wa uongo ungeingia kwenye mashine, na watu wa kale wa Koboko wangeonekana wamekula mbuzi mwezi uliopita. Baada ya hapo nani angeamini ile mingine?

Jina la Margarita lilitolewa kwenye faili kukiwa kumebaki dakika kumi. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Tongun, na kila mtu akangoja amtukane.

"Uliweka mbali mbali?" akamwuliza. "Hazikugusana?"

"Hazikugusana, mama. Vidole mbili mbili."

Margarita akakaa naye kwenye benchi. Bwana Lawrence akaanza kusema kazi ya mlinzi imekwisha leo. Margarita, ambaye alikuwa bado hana viatu, akamwambia kwamba na yeye aandike maelezo, aeleze tangu lini mlinzi ni fundi wa bati. Hilo halikumalizwa siku ile. Mkubwa alisema mzee aende kwa dhamana, arudi Jumatatu, na mambo ya kazi wakayaseme kwenye ofisi yao.

Maelezo yalichukua mchana wote kuchapwa. Kabla hayajaisha, Moris alikuwa amelala ndani ya gari, mlango wazi, mguu nje. Margarita alipelekwa nyumbani na binti yake, na huyo binti alisema baadaye kwamba mama alilala akiwa ameshika kijiko. Mzee Tongun alisinzia akiwa amekaa wima kwenye benchi, kofia gotini, usingizi wa wiki mbili, na Stella alipoleta karatasi ya kutia dole gumba alimngoja kidogo kabla ya kumgusa bega. Akatia dole, akageukia ukuta, akalala tena pale pale.

Stella alifika kwake Mvara jua likizama. Mvua ikaanza, ile iliyotishia siku tatu. Alilala chali akasikiliza mabati, na bila kutaka akaanza kuihesabu ile mifupa kichwani, safu kwa safu, kama baba yake alivyokuwa akihesabu vifaa kabla ya ukaguzi. Alipofika safu ya sita aliacha pengo, akapita. Sitini. Sitini na moja. Sitini na mbili. Hapo akakoma, hakuongeza, na usingizi ukamchukua.